Ofisi ya Kodi Imenipa Pole kwa Msiba Wangu Mwenyewe

Shangazi wa ukurasa huu, nisamehe mwandiko, naandika kwa haraka, na naomba msaada wako kwa sababu nyumbani kwangu sina wa kumuuliza, kila ninayemgeukia naye yumo.

Mimi ni fundi cherehani, nina karakana yangu nyuma ya stendi, tunashona sare za shule, za wauguzi na makoti meupe ya madaktari, mimi na akina mama wenzangu sita, na mwezi huu hospitali kubwa ya hapa imetukubali tuishonee mashuka yake yote na mavazi ya wagonjwa, kazi niliyoiota tangu nina cherehani moja ya kukanyaga, ila wakataka kwanza cheti cha ofisi ya kodi kuonyesha kwamba sidaiwi, nikasema hicho si kitu, kodi nalipa kila mwaka, nikavaa nikapendeza, nikaenda mwenyewe kwa kuwa shemeji anayenishughulikia mambo hayo alikuwa hapokei simu.

Msichana wa dirishani akaandika namba yangu kwenye kompyuta, akatazama kioo, akanitazama mimi, akarudi kwenye kioo, kisha akapunguza sauti.

“Pole sana kwa msiba, mama.”

Moyo ukanilipuka, nikajua kuna mtu wetu ametutoka nami sijapata habari, nikamwuliza msiba wa nani.

“Wa huyu mwenye namba hii. Umekuja na karatasi za mirathi?”

Nikamwambia mwenye namba hiyo ndiye mimi. Akamwita mwenzake, akaja na kikombe cha chai mkononi, wakasoma wote wawili, kisha yule wa chai akaniuliza taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, “Mama, kitambulisho unacho?” Shangazi, nilikitoa kitambulisho changu kama nimekiiba, maana kwa mujibu wa ile kompyuta mimi ni marehemu tangu mwaka juzi, na taarifa ya kifo changu imeletwa na mume wangu, sahihi yake ipo pale chini, naijua, ile yenye mkia mrefu.

Sasa nikueleze habari za shemeji. Ni mdogo wa mume wangu. Kabla yake nilikuwa na mhasibu mwanamke, mama mmoja mkavu, hana habari na watoto wako wala na mvua, akija ni maswali tu, risiti ya vitambaa iko wapi, huyu uliyemlipa ni nani, mbona umeme umepanda, mpaka nikawa nikimwona anaingia natamani nijifiche nyuma ya majora. Shemeji alipofungua kiofisi chake juu ya duka la dawa, ana mhuri, ana koti, ana kiti cha kuzunguka, nikasema basi riziki ibaki nyumbani, nikamhamishia kila kitu, namba ya siri nikampa, ujumbe wa ofisi ya kodi ukawa unaingia kwenye simu yake ili mimi nisisumbuliwe, na nilichompendea zaidi ni kwamba hakuniuliza swali hata moja.

Alikuwa anakuja karakana mchana, kazi imepamba moto, mimi nimeinamia kitambaa na pini zimejaa mdomoni, anaikunja karatasi ibaki ile sehemu ya sahihi peke yake, anasema, “Weka hapa, shemeji, na hapa,” nami naweka, namshukuru kwa kutikisa kichwa kwa sababu mdomo una pini, anachukua bahasha yenye hela za kodi, anaondoka. Akitoka kwangu anampitia kaka yake gereji, naye anaweka sahihi bila kutazama, mikono yote grisi.

Kutoka ofisi ya kodi nilikwenda kwake moja kwa moja. Hakukataa. Alifunga mlango akaniambia niketi, akasema kuna mwaka mambo yalichelewa, faini zikaanza kuzaana, akaona njia ya haraka ya kuwanyamazisha ni hiyo. “Mtu akishafariki hawamfuatilii sana,” akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba dukani kuna punguzo. “Nilikuwa nakulinda, shemeji.”

Nilifika nyumbani nimekwisha. Nilimweleza mume wangu yote, nikangoja apige meza, acheke, alie, afanye chochote. Alikuwa ananawa mikono. Akauliza, “Kwani kile kikaratasi kilikuwa cha nini?” Yaani alinifukia na hakujua, na mimi niliyekuwa nataka kumkasirikia nikashindwa, kwa sababu hata mimi karatasi zangu sijui zilikuwa za nini.

Siku ya pili shemeji akaja na mama mkwe, na suluhisho lake. Anasema tuache kama ilivyo, karakana iandikwe jina la mume wangu kama mrithi, cheti kitoke kwa jina lake, hospitali haitajali nani kafa mradi mashuka yafike. Nikienda kufufuka rasmi, anasema, watafukua mafaili yote, nami nitaanguka pamoja naye. Mama mkwe akanishika mkono, akaniita mwanangu, akaniambia, “Ukiwa marehemu kwenye kompyuta unapungukiwa nini? Unakula, unalala, watoto unawaona. Usimfunge mwenzio kwa jambo la kwenye kioo.”

Hospitali inakitaka cheti kabla ya mwisho wa mwezi, akina mama sita wananitazama, mume wangu anasema nitakavyoamua ni sawa, na hilo nalo linaniudhi. Je, ninyamaze familia ibaki salama, au niende nikaseme na nyumba ivunjike? Nijibu upesi.

Mimi Fundi, niliyetangulia mbele za haki bila kuagwa

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Nimezisoma barua za watu waliofukuzwa, walioachwa, walioibiwa mpaka vijiko, lakini ya mtu aliyetakiwa kuleta karatasi za mirathi yake mwenyewe hii ndiyo ya kwanza. Nimeisoma nimesimama.

Nikishakupa pole, sasa nikukaripie. Umeniandikia habari za dirisha, za kikombe cha chai, za grisi ya mumeo, lakini hukuuliza jambo moja ambalo mimi nililiuliza kabla sijafika katikati. Zile bahasha ulizompa kila mwaka akakulipie kodi zilikwenda wapi? Marehemu halipiwi kodi ya karakana kila mwaka. Shemeji yako alikuzika mwaka juzi, na baada ya mazishi akaendelea kuja kuchukua mchango. Aliyekuwa analindwa hapo si wewe, mama, na ukilielewa hilo mengine yote yatakuwa mepesi.

Unasema ana mhuri na koti. Wewe unashona makoti meupe ya hospitali. Kuna mtu yeyote aliyelivaa koti lako akatoka mlangoni amekuwa daktari? Mhuri nao una fundi wake, anamchongea yeyote mwenye hela. Hukumwuliza kasomea wapi, kasajiliwa na nani, anawafanyia kazi akina nani wengine. Ungempa mtu kitambaa cha hospitali akate bila kumwona akishika mkasi? Usingempa. Lakini jina lako ulimpa.

Na huyo mama mkavu uliyekuwa unamkimbia nyuma ya majora ndiye aliyekuwa mhasibu wako. Yale maswali yaliyokuchosha ndiyo kazi yenyewe. Mtu anayejaza karatasi zako bila kukuuliza umenunua nini na umemlipa nani, anaziandika kutoka kichwani mwake, na kichwani mwake, kama ulivyoona, ulikuwa umeshakufa. Anayefaa anakusumbua. Anakusomea kabla hujaweka sahihi, anakupa nakala na stakabadhi ya malipo yenye jina la ofisi ya kodi, na ujumbe anauacha uingie kwenye simu yako hata kama unakukera.

Sasa hilo suluhisho. Ukikubali karakana irithiwe ukiwa hai, mpaka leo wewe ni mtu aliyedanganywa, kuanzia siku hiyo utakuwa mtu anayedanganya. Na umefikiria siku ukigombana na mumeo? Simsemi vibaya, anaonekana mtu mpole, mpole kupita kiasi, lakini cherehani zako zote zitakuwa zake yeye aliyekurithi, na utamwomba nani akurudishie? Mama mkwe anauliza unapungukiwa nini. Mwambie kwa heshima, unapungukiwa karakana. Shikamoo yake mpe, mkono wake shika, ila jambo hili usimwachie aliamue. Mtoto ni wake, uchungu wake naujua, lakini aliyekuandikia kifo akifungwa, amejifunga mwenyewe, si wewe uliyemfunga.

Fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwa yule mama mkavu, umwombe radhi, umlipe akusindikize. Mwende ofisi ya kodi pamoja na mumeo, aseme kwa mdomo wake kwamba aliweka sahihi bila kusoma. Ataona aibu, na aione. Mseme yote wenyewe kabla hawajayafukua, mwulize unadaiwa nini na kama utaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Namba ya siri ibadilishwe hapo hapo dirishani, na simu iwe yako. Usiondoke bila karatasi yenye mhuri wao inayosema umekuja ukiwa hai. Karatasi hiyo ipeleke hospitali, uwaeleze ukweli, uwaombe muda. Huenda wakakataa. Sitakudanganya, kazi hiyo unaweza kuikosa, na utaumia. Shemeji atajibu mwenyewe habari za bahasha, mbele ya wanaohusika, wala usikubali azirudishe hela sebuleni kimya kimya.

Kuhusu nyumba kuvunjika, nyumba inayosimama kwa sharti kwamba wewe uwe marehemu, hiyo ilishavunjika, mmekaa ndani tu.

Na yule mama mkavu akija karakana, akatandika karatasi yote mezani bila kuikunja, akaanza maswali yake, usitikise kichwa. Simamisha cherehani, toa pini mdomoni, umjibu.