Anders na Namba Kumi na Saba

Heidi, tumefungwa hoki ya barafuni! Na Birch Narrows, shule ambayo wanafunzi wake wote wanatosha kwenye kantini ya shule yetu!

Wale vijana walikuwa wanaitana uwanja mzima wa barafu. Bata! Kijiko! Majina ya utani ya tangu chekechea.

Dakika ya mwisho tuko nyuma kwa bao moja, kocha akamtoa kipa aongeze mshambuliaji. Anders wangu ndiye mwenye kisahani, ule mpira bapa wa hoki. Namba kumi na saba wetu yuko peke yake golini kwao, anagonga gongo lake kwenye barafu apewe.

Anders akasita. AKASITA, Heidi! Wakamnyang'anya, wakafunga kwenye goli letu tupu.

Garini nikamuuliza, "Mbona hukumpa?"

"Simwamini, mama. Hata jina lake silijui."

Wanavaa jezi ya timu moja tangu Novemba.

Na Anders ndiye nahodha.