Yule Msichana wa Kuchorwa Aligeuka

Misheni, Tarime

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia na sasa unaamka bila kushika ukuta. Baba hajambo? Ulezi huko Kisaka umeivaje mwaka huu? Mimi mwili ni mzima. Kaka Chacha, wewe unayemsomea mama, nakuomba umsomee mkiwa wawili tu, na usiruke mstari hata ukiona aibu kwa ajili yangu.

Mama, nimepata kazi ndogo nje ya masomo. Amekuja mwanamke Mzungu kukaa hapa misheni, tunamwita Memsabu. Anatengeneza sinema ya kuchora. Hakuna mtu anayepigwa picha. Anachora msichana kwenye karatasi nyepesi, karatasi ya pili anamsogeza mguu kidogo, ya tatu kidogo tena, hivyo hivyo mpaka mamia. Halafu karatasi zote zinapigwa picha moja moja, na picha zikipitishwa haraka mbele ya taa, msichana anatembea. Sinema ni ya kuwahimiza watu wafyeke vichaka vya mbung'o. Msichana ndiye shujaa: anapita kichakani peke yake kumpelekea baba yake chakula malishoni, akirudi anawashawishi wazee watoke na mapanga. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya Kiingereza changu, nimtafsirie Memsabu maneno ya watu.

Mtu wa kwanza kuonyeshwa michoro alikuwa Mzee Marwa, mpishi wa misheni, mwenyeji wa Matongo. Memsabu alikuwa amemchora msichana mzuri kweli, shingo ndefu, kifua mbele, macho hayapepesi. Mzee Marwa akatazama, akacheka.

"Huyu binti wa nani?"

"Ndiye shujaa, mzee."

"Shujaa! Amemaliza kichaka kizima cha mbung'o hajajipiga hata kofi moja. Nyangi, mwanangu, mwambie Memsabu huyu ni maiti. Mbung'o wenyewe wamemkataa."

Nikatafsiri, ila neno maiti nililiacha. Memsabu hakukasirika. Aliniuliza, "Wewe ungempitishaje?"

Unajua ninavyoona haya mbele ya watu. Lakini kwa Kiingereza maneno hunitoka kama ni ya mtu mwingine. Nikasema shujaa lazima aogope, ndipo watu watajua kwamba ni mtu. Akifika mdomo wa kichaka asimame, ajikune mguu kwa wayo wa mguu mwingine, aume fundo la shuka begani, ajipige kwa tawi mgongoni kufukuza mbung'o, halafu aingie. Nikasimama nikafanya yote hayo, na Memsabu akawa anachora mbio mbio. Nilipokwenda kula ndipo nikatambua nimemwigiza nani. Mama, hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya dada Bhoke.

Memsabu akanipa kazi ya kuchora karatasi za katikati, zile za kuunganisha hatua moja na nyingine. Nilizichora wiki nyingi.

Juzi tulijaribu sinema, Memsabu, Mzee Marwa na mimi. Ilikuwa mchana, tukaziba madirisha ya ghala la mahindi kwa mablanketi. Msichana akatokea kwenye kitambaa cheupe. Hana sauti, unasikia mashine tu. Akasimama, akajikuna, akauma fundo. Bhoke tuliyemzika mwaka juzi alikuwa anatembea mbele yangu, mwembamba kama moshi. Alipofika mdomo wa kichaka, akageuka. Akatazama nyuma, moja kwa moja kwenye benchi nililokalia, halafu akaingia.

Memsabu akazima mashine. "Mimi sikumchora akigeuka," akasema.

Tukapekua karatasi. Zilikuwepo sita, uso umegeuka, na zimetoka kwenye fungu langu. Mkono ni wangu, naujua. Lakini sikumbuki kuzichora, mama, hata moja.

Memsabu akataka kuzitoa. Mzee Marwa akakataa. "Akizitoa hizo mimi narudi kwenye sufuria zangu. Hapo tu ndipo nilipomwamini."

"Kwa nini hapo?" nikamuuliza.

"Kwa sababu kuna kitu anakijua, na bado anakwenda."

Memsabu akaniambia niamue mimi, kwa kuwa nimezichora mimi.

Sasa nikwambie. Siku ile Bhoke alipoumwa na mbung'o, zamu ya kupeleka chakula malishoni ilikuwa yangu. Niliogopa kichaka, nikasema tumbo linaniuma, ukamtuma Bhoke. Ulipokwenda kisimani niliinuka, nikakaa mlangoni natafuna kiazi cha moto. Bhoke alikuwa ameshafika penye ua wa miiba. Akageuka. Akaniona na kiazi changu. Hakurudi, hakuita, na baadaye hakukuambia. Aliuma fundo la shuka akaenda. Hata alipoanza kusinzia na mwiko mkononi, ugali unaungua, na daktari akasema ni malale, hakunitaja. Habari ya kugeuka kwake sijampa mtu yeyote, wala padri.

Na wewe tangu matanga unasema, "Nilimtuma mwenyewe, kwa mdomo wangu." Nilikuwa nakusikia, nanyamaza. Haikuwa wewe, mama. Ni mimi niliyemtuma.

Nimemwambia Memsabu aziache zile karatasi sita. Mkimaliza kuvuna, gari la sinema litafika Kisaka, na najua utaletewa kigoda ukae mbele. Utamwona. Akigeuka, watu wataulizana anamtazama nani. Usigeuke kutafuta nyuma yako. Ananitazama mimi.

Msalimie baba, na bibi mzaa baba, mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Msalimie shangazi wa Ringwani akipita hapo, na mke wa kaka na mtoto wake mpya.

Likizo ikianza nitavuka mto Mara na wenzangu, nitakuja kwa miguu. Sitabisha hodi. Nitakaa nje na mzigo wangu, na kama bado una binti anayeitwa Nyangi, toka uniite.

Ni mimi uliyenizaa,
Nyangi