Udongo wa Kwanza

Kianjai, 9 Februari 1997

Kwa Runji, rafiki wa mwanangu,

Pokea salamu zetu huko Kopenhageni. Mimi ni mzima. Gatwiri, mama yake Mwongera, anakula kidogo. Telegramu yako ilipofika kwamba Mwongera ameaga, majirani walichimba kaburi jioni hiyo hiyo, wakidhani ndege ni kama basi la Meru. Sasa tunaambiwa mwili hautoki bila sahihi yako. Nilifundisha miaka mingi, basi niruhusu nieleze: kwetu rafiki hubeba jeneza, haamui liende wapi. Tena shimo lililochimbwa halilali wazi, huita mtu. Tia sahihi, tafadhali.

Baba Mwongera

Kopenhageni, 27 Februari 1997

Baba,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na mama amerudia chakula. Pole kwetu sote. Mwongera hakukuambia, basi nitakuambia mimi. Sheria ya hapa huruhusu wanaume wawili kuandikishwa kama wenzi. Yeye alikuwa na uraia wa hapa, nasi tuliandikishwa mwaka wa 1992. Ndiyo maana hospitali iliniita mimi, nyumba imebaki kwangu, na maziko ni neno langu. Yeye alitamani kulala Kianjai. Nitatia sahihi mara tu ukinijibu jambo moja. Kwetu Siakago, kama kwenu, mjane hutangulia kutupa udongo. Nikija naye, nitasimama wapi?

Mwanao, Runji

Kianjai, 20 Machi 1997

Runji,

Tunakusalimu. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikiwa peke yangu. Sitakutukana, kutukana si kueleza. Sheria ya huko haivuki bahari. Ukitangulia wewe, Mchungaji Mbaabu atafunga Biblia, ukoo utaondoka, na Mwongera atazikwa mbwa peke yao wakitazama. Utasimama na marafiki, nyuma. Udongo wa kwanza ni wetu.

Jirani Mutegi hunitania, "Mwalimu, shimo lako linatungoja sisi?" Gatwiri hacheki. Kila jioni hukaa ukingoni. "Kiunga, nyamaza," huniambia, "Mwongera anapiga mluzi humo ndani." Nami, Runji, nimeanza kuusikia.

Baba Mwongera

Kianjai, 14 Septemba 1997

Mwanangu Runji,

U hali gani? Hukujibu, nami sikulaumu. Gatwiri alituacha mwezi wa nane. Tulimzika katika shimo lile lile. Hakuna aliyekubali lichimbwe jingine. Mchungaji aliita, "Mume wa marehemu." Nilishika udongo, mkono ukakataa kufunguka. Watu wakangoja. Nikajua kwamba kama mtu angenivuta nyuma wakati ule, ningeingia mle pamoja na Gatwiri.

Mluzi haujakoma. Mlete Mwongera. Utatangulia wewe, nami nitasimama kando yako, Mbaabu afunge Biblia akitaka. Safari hii hatuchimbi kabla hujafika.

Baba yako, Kiunga

Kopenhageni, 5 Oktoba 1997

Baba,

Pole sana kwa mama. Nimeilia barua yako. Ile ya Machi ilipofika, sikuweza kumleta mahali ambapo ningesimama nyuma. Nilimzika hapa mwezi wa Aprili. Kasisi alisema, "Mwenzi wake atangulie." Nikatangulia. Hakuna aliyeguna. Nilipogeuka kumpisha anayefuata, hapakuwa na mtu wa kwao.

Mwanao, Runji