Maziwa Yasiyo na Mtoto

Jumatatu, 3 Machi
Blauzi imelowa tena, upande wa kushoto. Nimegundua nikigeuka kutoka ubaoni, nikakumbatia madaftari mpaka kengele. Ni maziwa. Mwanangu wa mwisho ana miaka kumi na moja. Mume wangu yuko kaburini mwaka wa tatu huu. Maziwa ya nani haya?

Jumatano, 5 Machi
Wifi amekuta sidiria yangu kwenye beseni. Ameinusa, akairudisha. Baadaye, tukichambua mchele, akauliza siku zangu nilizipata lini. Nikasema sikumbuki. Uongo — ni miezi saba. Akasema udongo wa kaburi la kaka yake hata haujakauka. Nimeshapima mimba mara mbili, kimyakimya, chooni. Hakuna. Ingekuwepo, angalau ningejua ninachoogopa.

Jumanne, 11 Machi
Kichwa. Nyuma ya macho, kama mtu anasukuma kutoka ndani. Yule mwanafunzi mtundu wa dirishani kalalamika: Mwalimu, nimenyoosha mkono mpaka umekufa ganzi. Darasa likacheka, nami nikacheka. Lakini kweli sikumwona. Wala wa upande wa ukutani. Naona safu za katikati tu.

Jumatano, 12 Machi
Nimegonga mlango kwa bega. Mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi
Zahanati. Nilienda kwa ajili ya kichwa tu, maziwa nikayaficha. Tabibu akaniambia nimtazame puani, akatanua mikono pembeni. Vidole vingapi? Sikuona hata mkono. Akaweka kalamu chini. Siku zako zinakuja, mama? Maziwa je, yanatoka?
Nikalia. Nilidhani ni aibu yangu peke yangu, kumbe matabibu wana maswali yake.
Kasema chini ya ubongo kuna tezi, ndogo kama punje ya harage, inaitwa pituitari. Ndiyo inayoamrisha hayo yote. Ikiota uvimbe, maziwa hutoka bila mtoto, siku hukatika, na ukikua hubana mishipa ya macho. Mara nyingi si saratani. Akarudia: si saratani. Huko kurudia ndiko kulikonitisha. Jumatatu hospitali kubwa: damu, picha ya kichwa.

Jumapili, 16 Machi
Nimempa wifi karatasi ya tabibu. Kaisoma akisogeza kidole, mstari kwa mstari. Kisha akakaa kitandani pangu.
"Nisamehe, wifi. Nilishaanza kumtafuta huyo mwanaume."
"Ukimpata, niletee nimwone na mimi."
Tukacheka. Halafu hatukucheka tena. Kauliza nani atabaki na watoto kesho. Nikasema yeye. Akakataa — jirani atabaki nao.

Jumatatu, 17 Machi
Korido ya hospitali. Damu wametoa. Picha wamepiga, mashine inagonga kama fundi bati. Walisema majibu ya picha ni kesho kutwa. Haijapita saa moja, muuguzi katoka, kauliza nimekuja na nani. Kwa nini anauliza?
Wifi kasimama kabla yangu. Kasema: Na mimi. Dada yake.
Muuguzi kasema tusubiri kidogo, daktari yuko kwenye simu. Mlango kauacha wazi. Namsikia daktari ndani, sauti ya chini, anamwambia mtu: Hapana, leo. Macho yake hayatasubiri—