Kaburi la Asha Halikuwa la Mama Yako

Bibi,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu ni adabu, lakini nimekasirika.

Siku tuliyokuzika, mwalimu aliyekusomea talkini kaburini aliuliza jina la mama yako. Tukatazamana. Akakuita binti Hawa, kama anavyoitwa kila ambaye mama yake hajulikani. Nililia kwa aibu zaidi kuliko huzuni. Wewe, uliyejua ukoo wa kila mtu Gongoni!

Nimemaliza shule, sina kazi, nikaamua kulitafuta jina hilo. Si ulikuwa ukinionyesha lile kaburi la chokaa nyuma ya nyumba ya marehemu Bwana Salum? "Mama yangu amelala pale." Siku tatu nimesugua kuvu kwa brashi ya viatu, huku nikimwombea dua. Herufi zikatoka: Asha, mke wa Salum. Nikamkimbilia Bi Sikudhani, jirani yako. Alicheka hadi akashika ubavu.

"Asha? Mjukuu wangu, Asha hakuzaa hata paka! Bibi yako alikuja na msafara wa watumwa kutoka Manyema, mtoto wa kubebwa. Mama yake alibaki njiani. Asha alimchotesha maji mpaka akaolewa."

Kwa nini hukusema, Bibi? Ulidhani ningekucheka? Mikono yangu bado ina malengelenge kwa ajili ya mtu aliyekutumikisha!

Na Mjomba Rajabu naye. Alikuwa ameshamwagiza fundi achonge "binti Salum" kwenye jiwe lako, eti ndiyo heshima. Unajua nikiwa mbele ya wakubwa sauti hunipotea. Safari hii nilisema mbele ya fundi, "Mjomba, huyo si baba yake. Alikuwa bwana aliyemmiliki."

"Umetoka shule juzi, leo unatufundisha ukoo!"

Nikatamani ardhi inimeze. Mama, ambaye huwa hambishii kaka yake, akamgeukia fundi: "Andika jina lake, Zuhura. Basi."

Ameandika Zuhura, basi.

Jina la mama yako sijalipata. Bi Sikudhani halijui. Labda ulilijua wewe peke yako, ukaondoka nalo, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Miaka yote ile tumelala kitanda kimoja, Bibi!

Nakuahidi hivi: wanangu wakiniuliza, nitawaambia ulibebwa kutoka Manyema na mama yako akabaki njiani. Nitawaambia hata wakwe wakiwa wamekaa pale pale. Na nisilolijua nitasema silijui.

Pumzika, Bibi. Hasira itanitoka. Bado kidogo.

Mjukuu wako,
Mwanaidi