Maelezo Kuhusu Tumbawe Lililomo Ndooni

KITUO CHA POLISI CHA TROU-BÉNITIER, MORISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Onézime Larivoire
Umri: Miaka 76
Kazi: Msahihishaji wa chapa, mstaafu
Makazi: Nyuma ya kanisa, Trou-Bénitier. Mzaliwa wa Peros Banhos, Visiwa vya Chagos
Mwandishi wa maelezo: Sajini Vimla Jhurry

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Kabla ya kuanza, nilimwomba Sajini aiondoe ndoo ya kielelezo dirishani kwa sababu jua lilikuwa limeifikia. Ameiondoa. Nilimwomba pia amzuie konstebo aliyekuwa anakuja kuijaza kwa jagi la maji ya bomba. Amemzuia. Naomba yote mawili yaandikwe, kwani bila hayo kielelezo kingekuwa mzoga kabla sijafika ukurasa wa pili.

Naishi nyumba moja na mdogo wangu Lisette, fundi cherehani, mwenye umri wa miaka 62. Ndiye anayetuhumiwa kwamba leo asubuhi, Jumanne tarehe 14 Mei 2024, alivunja tumbawe baharini na kulileta nyumbani ndani ya ndoo. Aliyemshtaki ni jirani yetu Clovis Ravaton, mlinzi mstaafu wa uvuvi, ambaye hucheza dhumna nami barazani karibu kila jioni. Sina ugomvi naye. Amelinda bahari hii kwa miaka mingi, na kwa alichokiona leo, hata mimi ningeshuku.

Mnamo Julai mwaka jana, mteja mmoja wa Lisette aliyekuwa anahamia Ufaransa alimwachia tangi la kioo la lita mia moja, pamoja na taa, pampu na kifaa cha kupasha maji joto. Hatukuwahi kufuga kitu cha baharini. Nilitafuta vitabu nikasoma. Kwa zaidi ya mwezi tangi lilikaa na mawe na maji ya chumvi tu, kwa sababu maji mapya lazima yakomae kwanza, la sivyo kiumbe utakachokitia kitakufa. Clovis alikuwa akichungulia dirishani na kuuliza, "Mzee mwenzangu, mawe yamezaa?" Alipochoshwa na mawe akaacha kuchungulia.

Mwezi Septemba, muuza samaki wa mapambo wa mjini Rose Hill alimkatia Lisette kipande cha tumbawe alilolikuza mwenyewe dukani, kidogo kama ukucha wa dole gumba. Aina hii hutanda kama zulia la zambarau, na juu ya zulia hutoka nyota ndogo za kijani. Huwafaa wanaoanza. Halina makuu: linataka mwanga wa wastani, maji yanayotembea, na chumvi isiyopanda wala kushuka ovyo. Hilo la mwisho ndilo lililotuponza.

Maji ya tangi hupungua kwa joto. Kinachopaa ni maji, chumvi hubaki, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji matamu yaliyochujwa. Nilimsomea Lisette maneno hayo kitabuni, akanitazama kama niliyetukana.

"Kaka, kwetu nani alishawahi kuitia bahari maji matamu?"

"Bahari hunyeshewa mvua, Lisette."

"Hiyo kazi ya Mungu. Wewe ndiye Mungu?"

Akawa anakwenda ufukweni na ndoo kila maji yanapopungua, anachota ya bahari na kuyamimina humo. Kila ndoo ilileta chumvi yake juu ya ile iliyobaki. Kufikia Aprili mwaka huu kipimo cha chumvi, ambacho kilipaswa kusoma thelathini na tano, kilisoma arobaini na moja. Nyota zote zilikuwa zimefunga, na zulia lilikuwa kama ngozi iliyoanikwa.

Sajini ameniuliza kwa nini jambo hili ni kubwa kwetu. Mwaka 1972 nilimshika Lisette mkono tukapanda meli iliyotutoa kwetu, watu wote wa Chagos walipohamishwa kwa nguvu. Mimi nilikuwa mtu mzima, na nimebaki na mengi: majina, nyumba, makaburi yalikokuwa. Yeye alikuwa na miaka kumi. Amebaki na gati, na rangi ya kijani iliyokuwa chini ya gati. Nyota zilipofunga hakulia. Aliacha tu kufungua mapazia ya chumba kile.

Sikuweza kumshinda kwa kitabu. Nikamletea vikombe viwili, kimoja cha maji ya tangi na kimoja cha maji ya bahari, nikamwambia achovye kidole aonje. Alionja cha bahari akameza. Alionja cha tangi akatema.

"Hii siyo bahari, Kaka. Hii achari!"

Tangu siku hiyo tumekuwa tukipunguza chumvi kidogo kidogo, maana kuishusha kwa ghafla nako kunaua. Tunatoa jagi la maji ya tangi, tunatia jagi la maji matamu, kisha tunasubiri. Jumapili iliyopita, tuliporudi kanisani, nyota zilikuwa zimefunguka. Lisette alifungua mapazia na hakuyafunga tena.

Sasa nafika kwenye ndoo ya leo asubuhi. Maji tunayoyatoa, Lisette hakubali yamwagwe mtaroni. Husema, "Tuliyaazima." Huyakusanya ndooni, hufunika kitambaa yasimwagike njiani, na kuyarudisha ufukweni. Leo alikwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akarudi na ndoo tupu yenye kitambaa kilicholowa juu yake. Clovis alimwona wakati wa kurudi. Kitabu kinakataza kumwaga maji ya tangi baharini kwa kuhofia magonjwa, na nilikwisha kumwambia. Kama leo kuna kosa, ni hilo. Mimi mwenyewe nitamsimamia asilirudie.

Saa kumi jioni Clovis alikuja kucheza, baada ya kukosa siku mbili. Kwa kuwa mapazia yalikuwa wazi, aliona nyota za kijani pale alipokuwa amezoea kuona mawe. Alisimama. "Onézime, jana mawe, leo matumbawe? Na ndoo ya asubuhi je?" Nilijaribu kumweleza. "Ninyi watu wa visiwani mna maneno," akasema, akatoa simu. Askari walifika, wakalinyanyua tumbawe kwa adabu na kulitia ndooni. Nyota zikafunga papo hapo.

Lisette hakujitetea kwa neno hata moja, na hilo lilinishangaza, kwani si mtu wa kukosa neno. Tulipoketi hapa kwenye benchi la kituo, Clovis akiwa mlangoni, aliniinamia sikioni.

"Dabo-siksi ya Clovis iko chini ya tumbawe."

"Nini?"

"Ilianguka barazani, siku ile aliyosema pweza wangu wa nazi ni soli ya kiatu. Nilitaka kitu bapa cha kugandishia kile kipande. Nikaitia gundi."

"Kwa nini hukusema kule nyumbani?"

"Mbele yake? Heri waniite mwizi wa bahari kuliko yule mzee anicheke mpaka nife."

Saa kumi na mbili jioni nilimwomba Sajini akigeuze kielelezo. Alikigeuza mbele yangu. Chini yake pana kete nyeusi ya dhumna, sita na sita. Zulia limepanda juu ya kingo tatu na linaanza ya nne. Kazi hiyo haifanyiki kati ya asubuhi na jioni. Kete hiyo ilipotea Septemba, na mtaa mzima unajua, kwa sababu tangu wakati huo Clovis anacheza na kipande cha mbao alichokichonga na kila mara ananiita mwizi. Hakuna bahari inayootesha matumbawe juu ya dhumna.

Naomba jambo moja. Kielelezo kipigwe picha, kisha usiku huu kirudi tangini, kitunzwe huko mpaka shauri limalizike. Ndooni hakifiki kesho.

Nimesomewa niliyoyasema, nimesahihisha herufi mbili, na mengine yote nayakubali kuwa kweli kama nilivyoyaona na kuyasikia.

(Sahihi) O. Larivoire

Maelezo ya afisa: Clovis Ravaton aliitwa na kuonyeshwa upande wa chini wa kielelezo. Alisema: "Ni yangu. Ina alama ya jino la mbwa wangu." Ameondoa malalamiko yake. Alipoulizwa kama anataka mali yake irudishwe, alijibu kuwa ibaki ilipo, wataendelea kucheza na kipande cha mbao. Ila mama huyo afahamishwe kwamba pweza wake bado ni mgumu. Bi. Lisette Larivoire ameonywa kwa mdomo kuhusu kumwaga maji ya tangi baharini. Kielelezo kimepigwa picha na kukabidhiwa kwake. Ndoo imebebwa na mlalamikaji. Wakati inatoka mlangoni nilichungulia ndani. Nyota tatu zilikuwa zimefunguka.

(Sahihi) Sajini V. Jhurry