Mukuki wa Baba Nyuma ya Mulango

Jumatano, Novemba 1955

Hasira imenifanya nishone mukono wa shati kwenye kola.

Wiki jana watu wa serikali walitusomea sokoni: bunge la Bulaya limekataza mukuki, kila mutu apeleke wake biro, ofisi ya serikali. Ule wa baba unalinda nyumba hii tangu sijazaliwa. Nani aliniuliza?

Bon, leo nikaubeba. Njiani polisi akanisimamisha.

"Kutembea na mukuki ni kosa."

"Naupeleka biro."

"Uuache nyumbani kwanza, halafu uupeleke."

"Na mwizi akiniingilia, nimupige na nini?"

Akawaza sana. "Umuambie imekatazwa."

Tulibishana mpaka giza likaanza kuingia na fisi wakalia upande wa mulima. Polisi akaangalia njia, akaangalia rungu yake.

"Muzee, nisindikize. Tembea mbele na hiyo mukuki."

Nikamufikisha kwake. Muke wake alinishukuru, akanipa maharagwe. Polisi naye akaniandikia karatasi: nimeonekana barabarani na mukuki, kesho nijibu biro, na mukuki wenyewe niulete kama ushahidi.

Nimeurudisha nyuma ya mulango. Usiku huu tunalindwa na ushahidi.